Ugali wa Chini ya Daraja

Bwana wa madaraja amefariki. Wasomaji wangu wa siku nyingi watamkumbuka, maana niliwahi kumtania hapa kwamba ndiye mtu pekee mjini Mwanza anayeyatazama mawingu ya mvua kwa hasira. Wakulima wa Misungwi na Magu walipokuwa wakiomba mvua, yeye aliomba icheleweshwe kidogo. Amezikwa juzi alasiri, kwa haraka inayotakiwa na dini yake, na mimi niliyezoea kuwaandikia marehemu kwa huzuni ya kawaida, safari hii naandika nikiwa na hofu. Mjane wake, ambaye mimi humwita shemeji, aliniambia msibani kwamba maneno yake ya mwisho hospitalini yalikuwa ya kuulizia mvua. Aliuliza kama imeanza. Wakamwambia bado. Akasema, "Basi nafasi bado ninayo," akageukia ukutani. Waliokuwapo walidhani anaweweseka. Mimi nilielewa anazungumzia nini, na chai niliyopewa ikanishinda.

Marehemu alikuwa mwenye kampuni ndogo ya kujenga madaraja ya chuma, karakana yake ikiwa Mirongo. Aliyeianzisha ni baba yake, fundi wa meli bandarini, mtu mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye alipoacha kazi ya bandari alianza kutengeneza mageti, vitanda na majiko. Daraja la kwanza halikuagizwa na mtu. Mto Mirongo ulikuwa ukijaa kila masika, na mke wake aliuvuka kwenda sokoni akiwa ameshika viatu mkononi. Siku moja akarudi na kiatu kimoja, mzee akakasirika, akachukua vyuma vilivyokuwa vimewekwa kwa ajili ya mageti ya wateja, akaunga kivuko. Wenye mageti walilalamika sana, lakini watu wa ng'ambo wakaanza kuja kuuliza kama na wao wanaweza kuungiwa cha kwao. Kampuni ikaanza hivyo. Baadaye ilikwenda kila mahali palipokuwa na mto wa msimu, nyumba upande huu na shule au zahanati upande ule. Parokia zilichanga, wakulima wa pamba walichanga, wafugaji walitoa ng'ombe. Vipande vilikatwa Mirongo, vikapakiwa kwenye lori, vingine vikavushwa ziwa kupelekwa visiwani, kisha vikaungwa hukohuko mtoni kwa bolti na nati.

Kwenye hizo bolti ndipo ilipokuwa imani yote ya kampuni. Mzee alikataa katakata madaraja yake kuchomelewa. Alisema kijijini hakuna umeme wala mchomeleaji, na kipande kikipinda nani atakitoa? Bolti ni tofauti, mtu yeyote mwenye spana anaweza kuifungua na kuweka mpya. "Daraja la kijiji lazima kijiji kiweze kulitibu," alikuwa akisema, na alisema mara nyingi hadi wafanyakazi wake walimwigiza akigeuza kisogo. Tatizo la bolti ni kwamba hulegea. Mikokoteni ikipita, kwato zikipita, jua likiwaka na usiku ukipoa, nati hujizungusha taratibu bila kumwambia mtu. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya mvua za vuli ilipaswa kufanyika ziara ya kukaza. Kila nati iliyokazwa ilichorwa mstari mwekundu wa rangi, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Mstari ukiwa umenyooka, nati imetulia. Mstari ukikatika, nati imetembea.

Nilimfahamu marehemu chini ya daraja, tena nikiwa na tonge mkononi. Nilikuwa mwandishi chipukizi, nikatumwa Misungwi kuandika habari ya uzinduzi wa daraja, nikatarajia hotuba na utepe. Utepe ulikuwapo. Lakini kabla ya kukatwa, mzee aliamuru mke wake, wanawe na mafundi wake wote washuke kwenye mchanga wa mto mkavu, watandike mikeka chini kabisa ya daraja, wapakue ugali na samaki. Huo ulikuwa utaratibu wake kwa kila daraja. Wao wakila chini, juu wafugaji walipitisha kundi zima la ng'ombe, wakiwakimbiza. Alisema ng'ombe ni mtihani mkali kuliko lori, kwa sababu lori lina uzito tu, ng'ombe wana uzito na fujo. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa mgeni, nikakaribishwa kwa heshima zote. Mgeni hakatai chakula, mnajua. Nikakaa. Ng'ombe walipoingia darajani mbao zilinguruma, vumbi likamwagika kwenye sahani ya samaki, na mimi nikaanza kumkumbuka mama yangu.

Kando yangu alikaa kijana wa mzee, mtu mzima tayari, mwenye mabega mapana, na nikaona tonge linamtetemeka mkononi. Baba yake naye aliona.

"We, kula!" mzee akamfokea kutoka ng'ambo ya mkeka. "Unawatia watu wasiwasi."

"Nakula, baba."

Akameza. Kisha akaniinamia, akasema kwa sauti ndogo, "Mwandishi, usicheke. Mimi huwa naogopa kila mara. Baba haogopi. Ndiyo maana kazi ya kukaza nati nimeachiwa mimi."

Nilicheka, lakini sentensi ile nimeishi nayo. Mzee alipofariki, kampuni ikawa ya huyu mwoga, na ziara ya kukaza akaifanya peke yake, mwaka hadi mwaka. Alikuwa na gari kuukuu lililojaa spana, boksi la nati na kopo la rangi nyekundu. Alilala kwa wenyeviti wa vijiji, kwenye nyumba za walimu, kwenye vyumba vya parokia ambako mapadri walimwekea maji ya kutawadha. Hakumtuma fundi. Fundi mkuu wa karakana, mtu aliyefanya kazi pale tangu ujana, aliniambia msibani kuwa aliomba kwenda mara kadhaa akakataliwa. "Alikuwa anasema, 'Ukienda wewe, mimi nitakaa hapa nikiwaza kama umekaza. Bora niende mwenyewe niwaze barabarani.'" Marehemu alikuwa na majivuno yake, tusimpambe kupita kiasi kwa kuwa amelala. Aliamini hakuna mkono unaokaza kama wake, na akaipenda hofu yake kama wengine wanavyopenda ng'ombe wao, hakutaka mtu mwingine aichunge.

Kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha zamani, ukitaka kusema ukweli. Makalavati ya zege yalikuja, yakaja makampuni makubwa yenye mitambo, na vijiji vilivyokuwa vikichanga vikajifunza kusubiri. Karakana ya Mirongo ikarudi kwenye mageti na grili za madirisha, mahali pale ilipoanzia. Lakini madaraja ya zamani hayakwenda popote. Bado watu wanayavuka kila siku. Kisha wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu na mizani zao, na ghafla ile bolti ya mzee, ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua kwa spana, ikawa inafunguliwa kweli, usiku, na wezi. Niliwahi kumuuliza marehemu kwa nini asichomelee nati zote amalizane nao. Akanitazama kama niliyemwambia amzibe mtoto pua. "Ukichomelea hutaweza kukaza tena, mwandishi. Litalegea ndani kwa ndani na wewe unaliona zima." Basi akaongeza ukali wa ziara. Alikuwa akirudi mjini amekonda, macho mekundu kwa vumbi, na shemeji alikuwa akimwambia kwamba ana wake wawili, yeye na hayo machuma.

Mara ya mwisho kusafiri naye tulikuwa tunakwenda Geita kwenye harusi, tukapita daraja jipya la kutoka Kigongo hadi Busisi. Sisi ni watu wa kivuko. Tumezeeka tukisubiri pantoni pale, tukinunua mahindi ya kuchoma na kugombana na foleni. Nilidhani mtu wa madaraja ya chuma angekuwa na kijicho, au angetafuta kasoro. Muda wote gari lilipokuwa juu ya maji, mikono yake ilibana mkanda wa kiti. Tulipofika upande wa pili akaomba tusimame. Akashuka, akageuka kulitazama kwa muda mrefu, na nikaona amelengwa na machozi.

"Zuri," akasema. "Zuri sana. Lina mtu wake?"

"Mtu wake kivipi, kaka?"

"Wa kuliangalia. Wa kukosa usingizi."

Nikamwambia kazi kubwa kama ile ina wahandisi wake na walinzi wake na utaratibu wake wa ukaguzi. Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Basi nibaki na wasiwasi wa yale yangu tu." Akapanda gari akalala hadi Geita.

Sasa mmeelewa kwa nini chai ilinishinda. Amefariki vuli ikiwa mlangoni, na mwaka huu, kwa sababu ya maradhi, hakwenda. Msibani nikamuuliza shemeji nani atakwenda kukaza. Watoto wao wamesoma, wako Dar es Salaam na Dodoma kwenye kazi za mezani, na sioni kosa lao. Nikauliza yako wapi madaraja yote, angalau tuwapigie watu simu. Hakuna anayejua. Fundi mkuu alitaja machache aliyoshiriki kuyaunga, shemeji akataja vijiji alivyokuwa akiletewa zawadi za viazi na dagaa kutoka huko, na orodha yetu ikaishia hapo. Mengine yalikuwa kichwani mwa mtu tuliyekuwa tumetoka kumfukia. Watu walikuwa wanasoma dua, na mimi badala ya kuitikia nilikuwa nahesabu mito.

Moja nililijua vizuri. Lile la Misungwi, nililokula ugali chini yake, ndilo ambalo dada yangu mdogo, mwalimu, analivuka kila asubuhi kwenda shuleni pamoja na wanafunzi wake. Nikampigia simu nikamwomba aangalie mistari myekundu. Alinipigia mchana. "Kaka, mingine imenyooka. Mingine imekatika. Na kuna sehemu, katikati kabisa, hakuna nati wala mstari. Kuna matundu tu." Nilimwambia asivuke tena. Akaniuliza atafikaje shule, na watoto watafikaje. Mto kwa sasa ni mchanga, nikasema, piteni chini. "Na mvua ikianza?" Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya ziwa upande wa Ukerewe, na kwa mara ya kwanza maishani nikayatazama kwa hasira.

Kesho yake asubuhi nikaenda na fundi mkuu. Shemeji alitupa spana za marehemu na boksi la nati, na kopo la rangi, ambalo lilikuwa bado halijafunguliwa. Mwenyekiti wa kijiji alitupokea vizuri, akatupa pole za msiba, akasikitika kwa dhati. Nilipomweleza habari ya matundu akashangaa.

"Lakini lile linakazwaga kila mwaka na wenyewe," akasema.

"Wenyewe ndio nani, mwenyekiti?"

"Si wa Mirongo? Yule bwana wa spana."

"Ndiye huyo tumemzika."

Wazee waliokuwa naye wakaanza kutazamana. Nikauliza kama kijiji kizima kina spana ya kutosha bolti zile. Hawakuwa nayo. Nikauliza kama yupo aliyewahi kushika nati ya daraja lile. Mmoja akasema aliwahi kumshikia marehemu tochi. Hawa si watu wavivu, jamani. Wana matrekta ya kukodi, wana mashine za kusaga, wanafungua injini na kuzifunga. Daraja pekee hawakuligusa, kwa sababu kila mwaka, kabla ya mvua, alikuja mtu na hofu yake akalikaza, akachora, akala chini yake, akaondoka. Baba alijenga daraja ambalo kijiji kinaweza kulitibu, na mwana, kwa upendo wake, akahakikisha kijiji hakijifunzi kulitibu kamwe. Alituogopea sote, na sisi tukaona kuogopa si kazi yetu.

Nimeliwaza hili tangu hapo, kwa sababu haliishii Misungwi. Tunajua sana kuzindua. Utepe tunaukata, picha tunapiga, pilau tunakula, na jina la aliyekata tunalichonga kwenye jiwe. Lakini nani anajua jina la anayezibua mtaro nyuma ya nyumba yake, au anayepanda kukagua tangi la maji la mtaa? Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta, tunausema msemo huo kwenye vikao, halafu kila mmoja anamtazama mwenzake akidhani ndiye mwenye udongo. Mahali fulani katika kila familia, kila ofisi, kila kanisa na msikiti, yupo mtu mmoja mwenye wasiwasi anayekaza nati za wenzake. Tunamwita mnoko. Tunamtania magazetini. Siku akiondoka tunaanza kusikia vitu vikigonga.

Tulikaza hadi jua likaanza kuegemea magharibi. Fundi mkuu aliwagawia vijana wa kijiji spana, akawaonyesha namna ya kuvuta kwa mwili mzima. Matundu yakapata bolti, mistari ikachorwa upya. Vijana walifanya kazi kwa furaha, wakitaniana, na walipomaliza mwenyekiti akasema tushukuru Mungu, daraja limepona. Watu wakaanza kukusanya vyombo waende zao. Hapo dada yangu, aliyekuwa ametoka shule na kusimama kando na kina mama wengine, akauliza, "Na ng'ombe?"

Wazee wakakumbuka. Ng'ombe walikuwa karibu, wanarudi kutoka malishoni. Mwenyekiti akaita wachungaji. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nalihofia tangu asubuhi. "Nani atakaa chini?" Aliyekuwa akikaa alikuwa yule mzee na familia yake, kisha mwanawe. Hakuna aliyesogea. Watu walitazama mchanga, wakatazama juu, na hata wale vijana waliokuwa wakitaniana wakawa wapole. Dada yangu akachukua sufuria ya ugali ambayo kina mama walikuwa wamewapikia mafundi, akashuka ukingoni akishika gauni lake kwa mkono mmoja, akaenda hadi katikati, chini ya pale palipokuwa na matundu, akakaa kwenye mchanga.

"Mimi ndiye ninayepita na watoto wa watu," akasema. "Kama mmekaza, leteni ng'ombe."

Wachungaji wakainua fimbo. Na hapo, ndugu zangu, nikaona jambo ambalo nadhani marehemu alikuwa akilisubiri maisha yake yote. Kijana mmoja aliyekuwa darajani akapaza sauti, "Ngojeni kwanza!" Akarudi kwenye nati yake, akaivuta tena. Mwenzake akarudi kwenye ya kwake. Wakarudi wote, hakuna aliyewaita, wakaanza upya mwanzo hadi mwisho, kimya, wakikagua kila mstari, na mwenyekiti mwenyewe akavua koti akashika spana. Nati ambazo saa ileile tulisema zimekaza, nyingine ziligeuka. Nilishuka nikakaa na dada yangu kwa sababu sikuweza kusimama juu nimtazame. Mwenyekiti akaja baadaye na mikono yake ina rangi, akakaa. Ng'ombe wakapita juu yetu, mbao zikanguruma vilevile, vumbi likaingia kwenye sufuria, na tonge likanitetemeka mkononi kama lilivyomtetemeka yule bwana siku ile. Daraja lilitulia. Tulikula ugali wote na mchanga wake.

Daraja moja limepata watu wake. Mengine sijui yako wapi, na usiku huu ninapoandika nasikia radi ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo nawaomba, wasomaji wa Magu, wa Sengerema, wa visiwani, wa popote kampuni ile ilipofika: kama kwenu kuna daraja la chuma lenye mistari midogo myekundu kwenye nati, aliyekuwa akiichora hatakuja mwaka huu. Nendeni mkaitazame asubuhi. Mkiikuta imekatika, kazeni. Na kama hamjui iwapo mmekaza vya kutosha, shukeni mkae chini ya daraja na watoto wenu kabla ng'ombe hawajapita, mtajua.